Neno Ndani ya Mabano

Juu ya kitufe cha saba palibandikwa karatasi: KIBOVU. Herufi zake zilinyooka kama zilizopigwa rula.

Vitufe vingine vyote vilifanya kazi. Ukikibonyeza kimoja, sauti ya mbunge wa zamani ilitoka ukutani na kuenea katika ukumbi ule, ambao hapo awali ulikuwa wa Bunge na sasa ni makumbusho ya historia ya taifa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Onesphory, mtembeza wageni. Alifunga tai hata siku za joto kali, na kibandiko cha jina hakikupinda kifuani pake. Alikuwa amelitumikia jengo hilo tangu ujana wake, kwanza katika ofisi za juu, na hakupata kuandikiwa barua ya karipio hata moja.

Mgeni alikuwa Euphrasia, muuza vitenge wa Kariakoo. Alitoa mkobani ukurasa mkuukuu uliopigwa taipu, nakala ya taarifa rasmi ya Bunge.

"Hotuba ya baba yangu. Namba saba."

"Kitufe hicho ni kibovu."

"Wiki iliyopita kibovu, leo kibovu! Mzee wangu, hata feni ya dukani kwangu hutengenezwa kwa siku mbili."

Mzee Onesphory hakutabasamu.

Euphrasia alimwonyesha mstari wa mwisho. Baba yake alikuwa amewatetea kina mama waliojifungulia sakafuni, akalia machozi mbele ya Bunge zima. Chini ya maneno yake palipigwa chapa neno moja, ndani ya mabano: (Kicheko).

"Kwa neno hili alinyimwa kura. Sokoni wanamwita Mzee Kicheko mpaka leo. Yeye hushikilia kwamba alipigiwa makofi. Mwaka jana alisema hivyo mbele ya wakwe zangu. Nikamwambia, 'Baba, basi, unatuaibisha.' Tangu siku ile hajalitaja tena. Sasa amelazwa, na kesho anafanyiwa upasuaji."

Mzee Onesphory aliinamisha macho. "Rudi nyumbani, mama. Yako mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia juu ya mzazi wake."

"Kwa hiyo ni kweli walimcheka?"

"Imeandikwa."

"Na kama aliyeandika alikosea?"

"Mwandishi muungwana akikosea, husahihisha," alisema, lakini sauti yake ilipungua kabla ya neno la mwisho.

Euphrasia alibandua karatasi, akabonyeza.

Sauti ya baba yake ilitoka, ingali changa, ikitetemeka. Ikakatizwa na kwikwi. Pakawa kimya. Kisha ukumbi ukalipuka: makofi, viganja vikipiga meza, makofi yasiyokoma, na Spika akiomba utulivu mara tatu.

Euphrasia aliketi palepale sakafuni. "Nisamehe, baba," alisema. "Nisamehe."

Alipoweza kusimama, aliukunjua tena ule ukurasa na kuutazama chini kabisa, pembeni, mahali ambapo hakuwahi kupajali. Palikuwa na jina la mwandishi, kwa wino uliofifia, herufi zimenyooka kama zilizopigwa rula.

"Mzee, hebu nisomee. Macho yangu yamejaa machozi. Hapa pameandikwa nani?"

Mzee Onesphory aliinua mkono polepole, akakifunika kwa kiganja kibandiko kilichokuwa kifuani pake.