Dole Gumba la Seremala

Barua ya baba ilipopata dawa na joto, alama za vidole zikachomoza polepole, rangi ya zambarau, kama zinaona haya.

Ilikuwa kazi ya darasa tu. Mwalimu wa kemia ya jinai aliagiza kila mwanafunzi alete karatasi iliyoshikwa na mtu anayemjua. Binti huyu, mgeni ughaibuni, alikuwa na barua za kila mwezi kutoka nyumbani. Baba yake, seremala mbishi, hakutaka simu hata kuisikia. "Haina adabu," alisema.

Akatafuta dole gumba la baba, lililokatwa ncha na msumeno. Halikuwepo. Kila pembe kulikuwa na kidole chenye kovu la bati la kopo. Jeraha lile alilifunga yeye mwenyewe, mdogo wake akilia. Mdogo wake huyo huyo, bingwa wa kuiga mwandiko wa baba kwenye ripoti za shule.

Akampigia.

"Baba hajambo?"

"Mzima kabisa, dada," akajibu upesi mno. "Kwani hujapata barua yake?"

"Nimeipata."

Mkobani zilibaki barua saba za nyuma. Akavaa glavu mpya, akaanza kulitafuta dole gumba la baba.