Wastani wa Nyumba

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, kila aliyelala ndani ya nyumba alisimama mbele ya kioo cha serikali kilichobandikwa ukutani, akasoma aya moja kwa sauti. Alama za wote zilijumlishwa, na wastani wa nyumba ndio uliompeleka mtoto sekondari au kumbakiza shambani.

Tusekile alimtazama mama yake akikisogelea kioo, kanga ameifunga vizuri kama anakwenda kanisani. Bibi huyo hajawahi kukanyaga darasa. Leo alisoma bila kukwama, tena kwa madaha: aya ya nyuki, ambayo mjukuu wake Lugano, binti wa Tusekile, aliisoma kwa sauti wiki nzima, bibi akaikariri yote kwa kusikia. Ila kioo kilikuwa kimeleta aya ya reli.

Sifuri.

"Nihamishie jiko la nje, mwanangu," bibi alisema, akijichekea. "Kule hakinihesabu."

Tusekile alikataa katakata. Jioni akakibeba kitanda mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata wastani ulipanda kweli. Lugano alirukaruka, kisha akatulia, akiyasoma majina kwenye kioo. Lake na la baba yake yalikuwa ya kijani. Jina jekundu, la mwisho kabisa, sasa lilikuwa la Tusekile, aliyeishia darasa la saba.

Lugano alimimina chai, akampa mama yake kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Mama," aliuliza taratibu, "vitanda viwili vitaenea kule jikoni?"