Bangili ya Mzee Shekue

Siku hizi kila mtu mzima huvaa bangili ya utafiti, na mapigo ya moyo wake huenda papo hapo kwenye kompyuta za watafiti. Anayeivua hufuatwa nyumbani. Kwa hiyo Mzee Shekue alipotaka kwenda Lushoto kwa bi mdogo, alimvisha mkewe Mwanahawa bangili yake.

"Nivalie siku mbili tu, mke wangu."

Siku mbili zake zilikuwa zimefika mwezi wa tisa. Mwanahawa alikuwa akikuna nazi, bangili moja kila mkono, simu ilipoita.

"Shikamoo bibi," alisema binti wa utafiti.

"Marahaba."

"Mioyo yenu haipishani hata pigo moja. Hatujapata kuona wapendanao kama nyinyi. Kesho tunakuja kuwafungia bangili mpya, za maisha, zisizovulika."

Mwanahawa aliacha kukuna.

"Mbona mapigo yenu yote mawili yamepanda sasa hivi?" binti akauliza. "Mzee yupo?"

Mwanahawa akayatazama makubadhi ya mumewe yaliyofunikwa na vumbi pale mlangoni.

"Yupo, mwanangu," alisema. "Ameshtuka kama mimi."