Maji ya Hajiri

Mama Tumsifu alipomaliza kutoa shukrani madhabahuni, hakurudi kuketi. Alikwenda ukutani, chini ya picha ya rangi za mafuta iliyochorwa Marekani karne ya kumi na tisa, akaweka bakuli la maji sakafuni.

Katika picha ile Hajiri amepiga magoti jangwani, kiriba kimekauka, mwanawe amelala kichakani. Kisima ambacho katika Biblia Mungu alimwonyesha, mchoraji hakukichora.

"Mama, sadaka huwekwa mbele," Mzee Zefania, mzee wa kanisa, alimwambia kwa upole.

"Ya Mungu nimeshaiweka, mzee. Haya ni ya huyu mama. Tumsifu alipozidiwa na homa nilikuja kulia hapa, naye akalia nami. Mwanangu amepona, anakunywa maji. Mwenzangu bado ana kiu."

Mzee aliitazama picha. Kisha akainama, akalisogeza bakuli karibu zaidi na ukuta, lisije likapigwa teke.

Tumsifu, ambaye bado alikuwa amekonda, akachuchumaa akachovya kidole. Mwanga wa dirishani ukaruka kutoka majini, ukapanda ukutani, ukafika midomoni mwa Hajiri, ukawa unachezacheza pale.