Mkono Ulioangusha Mkwaju

Mashoka kumi na moja yalimwagwa mchangani, na kando yake walilala wanaume wawili waliokwisha kukiona cha mtema kuni. Mmoja alikuwa akitema meno. Wa pili, mzee Dekow, hakutikisika tena.

"Mwingine!" Sajini alisema.

Nunow hakungoja kuvutwa. Alisimama mwenyewe, ubavu ukimuuma kwa mateke ya asubuhi, akaenda mbele.

Wiki mbili nyuma mkwaju mkubwa ulikutwa umelala katikati ya barabara ya Garissa. Lori la jeshi liliubamiza, na mashifta, waasi wa porini, wakawamaliza askari saba kabla hawajaruka chini. Kesho yake kijiji kizima kilihamishwa na kuzungushiwa waya. Sajini, aliyekulia kwenye viwanda vya mbao huko milimani, alikikagua kisiki, akaapa kwamba mti ule ulikatwa na fundi hasa, na fundi huyo yumo humu ndani. Jumanne alitoa neno: asipojitokeza kufikia Ijumaa adhuhuri, wanaume wote wa kijiji watapigwa risasi. Leo ilikuwa Ijumaa, na vivuli vilikuwa vimeshafika miguuni.

"Chagua shoka," Sajini alisema. "Litie mpini, linoe, kisha upige gogo hili. Hao wawili walijifanya hawajui hata pa kushika. Wewe usinichezee."

Nunow alichutama. Shoka la kwanza alilisukuma pembeni, kwani lilikuwa nene na zito, la kupasulia kuni, si la kuangushia mti. La pili aliligonga kwa jiwe, likatoa mlio wa sufuria yenye ufa. La tatu lilikuwa na bapa jembamba na chuma kilicholia vizuri, ila mpini wake ulikuwa umekatika. Alilichukua hilo.

Kwenye rundo la mipini alichagua wa mkole, akautazama kitakoni. Nyuzi za mti zilifuata upande wa makali, zikapita moja kwa moja mpaka mwisho. Zingekuwa zimekingama, mpini ungevunjika siku ya kwanza. Akaupachika, akaliinua shoka kichwa chini, akagonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti, na chuma kikapanda chenyewe mpaka kikakaza. Akatia kabari. Akafumba jicho moja na kuchungulia: makali na mpini vilikuwa mstari mmoja.

Sajini aliacha kutafuna mswaki wake.

"Habana, afande!" mzee Alio alipiga kelele kutoka kwenye mstari wa wanaume. "Wallahi, huyu ni mtu ya ngamia! Hii kitu ya shoka hajui kabisa, hata..."

Kitako cha bunduki kilimziba kinywa.

"Sasa mmeanza kumkinga," Sajini alisema, akicheka. "Endelea, bwana ngamia."

Nunow alipitisha tupa upande mmoja, kisha wa pili, mara zilezile kila upande, akamalizia kwa jiwe lililolowa mate. Alipoyajaribu makali kwenye mkono, vinyweleo vilitoka kama vimenyolewa na wembe.

Ndipo alipoinua macho. Wanawake walikuwa wameketi mbele ya nyumba za miti walizozikatia na kuzijenga upya wenyewe ndani ya waya, kazi ya wanawake huku, na Timiro, mkewe, alikuwa kati yao, akimnyonyesha Kaaha, mtoto wa miezi minne. Nunow aliogopa jambo moja tu, kwamba mkewe atashindwa kunyamaza. Alimtikisia kichwa kidogo. Usithubutu.

Akasimama, akapanua miguu, akapiga. Pigo la kwanza lilishuka kwa mshazari. La pili lilitokea upande wa juu, likakutana na la kwanza palepale, na kibanzi kipana kama kiganja kikaruka. Akamwomba Mungu asiambiwe apige la tatu.

Sajini alikiokota kibanzi. Kutoka mfukoni alitoa kingine, cha mkwaju, kilichokwisha kukauka, akavilinganisha. Kisha akamkunjua Nunow kiganja.

"Malengelenge hayajapona. Si siku nyingi tangu ushike shoka."

"Si nyingi, afande."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Korane, shemeji yangu. Mlimuua kisimani pamoja na ngamia wake themanini. Mlimwacha juani siku mbili."

Hawakumfunga macho. Walimpigisha magoti kwenye gogo lilelile, wakampiga risasi ya kwanza tumboni, makusudi, Sajini akavuta sigara mpaka ikaisha. Nunow alijipinda mchangani akilitaja jina la Mungu, na kila mtu alimsikia. Ya pili ilikuwa ya kichwa. Timiro alikuwa ameuma mtandio wake mpaka damu ikamtoka mdomoni, lakini hakutoa sauti.

Sajini alikuwa mtu wa neno lake. Wanaume waliobaki walifunguliwa, wakabeba maiti za Nunow na mzee Dekow kwenda kuwaosha. Askari walitaka chai, na kuni zilikuwa zimekwisha.

"Wewe, mama," Sajini alimwonyesha kidole mwanamke aliyekuwa karibu. "Lipasue hilo gogo."

Askari mmoja alimtupia shoka lilelile la Nunow. Timiro alimfunga Kaaha mgongoni, akaliinua, na bila hata kukusudia akafumba jicho moja, akachungulia mstari wa makali. Kabari ilikuwa imeingia kombo kidogo. Tangu Jumanne, nyuma ya mlango uliofungwa, alikuwa amemfundisha mumewe kila kitu alichokijua, isipokuwa hilo la kabari.