Kilio cha Rimma Gordeyevna

"Wewe si binadamu, Veniamin Arkadyevich! Nitakupeleka mbele ya baraza la wasanii, na safari hii sinyamazi."

"Punguza sauti, watu wanaingia ukumbini." Mwongozaji alikuwa amekalia meza ya simu nyuma ya pazia, akimenya yai. "Au umesahau alivyolia, Taisia Lvovna?"

Taisia, msaidizi wake wa miaka yote, hakuwa amesahau. Kwa miezi miwili Rimma Gordeyevna, aliyecheza mama anayeletewa habari za kifo cha mwanawe, alilia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Asubuhi hiyo, katika mazoezi ya mwisho, Veniamin alipanda jukwaani, akamshika mabega na kumwambia kwamba Gleb, mwanawe wa pekee anayesoma mji wa Kostroma, amekufa alfajiri. Rimma alitoa sauti iliyowafanya mafundi wa taa wazibe masikio. Veniamin alimwacha agaegae sakafuni, akamsikiliza hadi pumzi ikamwishia, kisha akapiga makofi.

"Hiyo! Hiyo ndiyo naitaka leo jioni. Inuka, mpenzi. Mwanao mzima, nimeongea naye mwenyewe."

Hicho ndicho Taisia hakuweza kukimeza.

"Ukamtajia pikipiki, daraja lenye barafu, mpaka koti la kijivu alilovaa!" alisema sasa. "Uongo gani huo unaovaa koti?"

"Uongo ukiwa uchi nani atauamini?" Alitia yai chumvi, lakini hakuliuma. "Na asisogelee simu mpaka pazia lishuke. Akimsikia mwanawe anacheka, kilio chote kwisha. Halafu wewe acha kujifanya mtakatifu. Wakubwa wa maigizo kutoka Moscow wako mle ndani. Wakinichukua leo, kiti changu anabaki nacho nani? Miaka ishirini unanibebea chai huku ukiota kuongoza mchezo wako mmoja tu. Haya, nenda barazani. Kawaambie."

Taisia alichungulia upenyoni mwa pazia, kule walikoketi wageni.

Rimma akatokea, uso umepakwa rangi, shali nyeusi mabegani. Taisia alitegemea kuona macho yaliyovimba. Mwanamke alikuwa anang'aa.

"Mnanigombania tena? Mwache, Taisia Lvovna, mpenzi wangu. Asubuhi nilitaka kumtoboa macho shetani huyu. Sasa nataka kumbusu! Unajua ilivyo, umzike mtoto halafu urudishiwe? Jumapili napanda treni, nampelekea Gleb pai za kabichi. Nikifika namvuta masikio kwanza, kosa atajua mwenyewe!"

Veniamin hakumtazama.

"Nenda mahali pako," alisema. Akaliacha yai mezani, akaenda kuketi na wageni.

Rimma akasogea ukingoni mwa jukwaa, akiimba chinichini. Taisia akamtazama mgongo ule mwembamba, na moyo wake ukakata shauri. Mchezo ukiisha tu, atakwenda barazani. Moscow na kiti chao, wakae navyo.

Simu ikalia. Akaidaka kabla mlio haujawafikia watazamaji.

"Jumba la maigizo? Ofisini hapokei mtu, wametuunganisha huku. Hapa hospitali, Kostroma, chumba cha maiti. Ni habari ya yule kijana wa pikipiki. Tulimpigia mkubwa wenu asubuhi, akasema atamwambia mama yake mara moja. Mbona hajaja kumchukua?"

Ng'ambo ya pazia ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walikohoa na kuvuta viti. Rimma akageuka, akamkonyeza jicho, akajifunga shali vizuri.

"Atakuja kesho," Taisia alisema. Akakata simu, akabonyeza kengele ya kufungua pazia.