Meza ya Watu Wanne

Tangu siku fundi seremala alipomzika kaka yake, watoto wanne wa marehemu hawakula tena mezani. Walikula sakafuni, jikoni. Meza ya duara aliyowatengenezea fundi mwenyewe ilibaki sebuleni, ikizungukwa na viti vitupu.

"Wakikaa wanakitazama kiti cha baba yao," shemeji yake alimweleza. "Nikakitoa. Wakatazama pengo. Ipunguze meza, shemeji, wanangu wale kama watu."

Fundi akachomoa penseli sikioni. Kwake, kila mlaji alistahili sentimita sitini za ukingo, asipigane viwiko na jirani. Watu sita walikuwa na mzingo wa mia tatu na sitini. Wamebaki watano, basi mia tatu. Akagawa kwa pai.

"Kipenyo tisini na tano na nusu. Mtaenea, na pengo halitaonekana."

"Fanya ya watu wanne."

"Wanne? Na wewe utakula wapi, shemeji, dirishani?"

Mjane akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alipoinua mkono kufuta macho, bangili yake iliteleza hadi kwenye kiwiko.

"Mimi sili sana siku hizi. Wanne. Usinibishie."

Fundi hakubisha. Alijua majonzi yanavyovuruga kichwa. Yeye mwenyewe juzi tu alikata mlango wa mtu ukawa mfupi. Aliibeba meza hadi karakana, akaigeuza kifudifudi, akapigilia msumari katikati, akafunga uzi wa sentimita arobaini na nane kasoro kidogo, kisha akazungusha penseli. Watu watano. Hesabu ni hesabu.

Alipoirudisha, watoto waligombania viti.

"Baba mdogo, viwiko vyangu vimeenea!" kitinda mimba alipiga kelele.

Mama yao aliizunguka meza polepole, mkono ukiwa ukingoni, mpaka akafika kwenye kiti cha tano.

"Nilisema wanne."

"Hesabu ilikupiga chenga, shemeji, nikakurekebishia. Hata asante hakuna?"

Mjane akakaa, taratibu, kama mtu anayeketi kwenye kitu cha kuazima.

"Asante. Itafaa kwa sasa."

Binti mkubwa ndiye aliyepakua chakula. Siku hizi mama yake alikuwa akimfundisha kila kitu, na funguo za nyumba zilining'inia kiunoni mwa mtoto. Usiku ule walikula wote mezani, wakacheka, na fundi alirudi kwake akipiga mluzi.

Mvua zilipokwisha, alikwenda tena kuichukua ile meza. Watoto walikuwa jikoni, sakafuni. Bangili ya mama yao sasa ilikuwa mkononi mwa binti mkubwa. Karakanani aliigeuza kifudifudi, akapigilia msumari kwenye tundu lilelile, akafunga uzi wa sentimita thelathini na nane.

Watu wanne.